Ajansi inanipa dola 60 kwa siku Kolwezi: nipatane nayo namna gani?

fundi_kabo (Kampemba)
Jambo yenu wakubwa. Mie ni fundi umeme wa viwanda, najitegemea, RCCM (karatasi ya kuandikishwa biashara) na namba ya kodi ninavyo. Kuna ajansi moja ya kupeleka mafundi kwa wateja, hapa Lubumbashi, Kongo, inanitaka kwa kazi ya siku 28 kule Kolwezi: kiwanda kinasimama kwa matengenezo, kubadilisha kabo na mota. Wanasema "dola 60 neti kwa siku", saa 12. CV na diploma wanavitaka leo leo, mkataba "utafuata". Nikiuliza mteja anawapa ngapi, wananiambia ni siri. Kupatana bei na mteja mwenyewe najua, ila na mtu wa katikati sijui nianzie wapi bila kupoteza kazi.

Yaya_Paie
Mdogo wangu, iache 60 kwanza, shika neno "neti". Mtu wa fakitire, yaani anayejitegemea na kulipwa kwa ankara, hana neti. Neti ni neno la mshahara: ni bruti (mshahara mzima) ikishatolewa mchango wa mfanyakazi kwa CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii), asilimia 5, pamoja na kodi ya mshahara. Wakikuandika kama mfanyakazi wao, na wao wanalipa CNSS ya mwajiri, asilimia 13, halafu mchango wa INPP (shirika la mafunzo ya kazi) juu yake. Ukitoa fakitire, mzigo huo wote unawatoka na kukuangukia wewe: uzeeni, ugonjwa, ajali, kodi. Chukua hiyo 60 kama bruti: asilimia 13 yake ni dola 7.80 kwa siku, kwa siku 28 ni dola 218 na kitu. Hapo ndipo pana nafasi ya kupatana, nao wanajua.

Kwa hiyo waandikie swali moja tu: "Hiyo 60 ni ya mkataba wa kazi au ya fakitire?" Wakijibu fakitire, wasije mwisho wa mwezi kukukata CNSS. Wakijibu mkataba wa kazi, wasikukate asilimia zote 18, maana fungu lako ni 5 tu. Yote mawili yanafanyika, na karatasi ya malipo inaandikwa kwa namna ambayo hauoni kitu mpaka uchukue kalkuleta.

Jambo la pili. Sheria ya kazi (Code du travail) ya 2002 inasema mtu wa kuajiriwa siku kwa siku akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha anahesabiwa ni wa mkataba usio na mwisho. Ndiyo sababu wengine wanasimamishwa siku ya 21, na wengine wanaitwa "huru" hali vifaa ni vya ajansi, masaa ni ya ajansi na amri ni za ajansi. Karatasi ikuite jina lolote, kama unapokea amri kama mfanyakazi, inspekta wa kazi ataangalia kazi yenyewe.

soudeur_likasi
Yaya amesema kweli, mie naongeza hesabu. Bei ya siku haitoki kichwani mwa ajansi, inatoka kwenye mwaka wako. Tuseme nyumba yako inahitaji dola 12,000 kwa mwaka. Vifaa (multimeta, megeri, koleo za kubana ncha za kabo, viatu) 1,200. Daktari na dawa 600. Kodi na michango yako mwenyewe, weka 1,500. Jumla 15,300. Sasa siku unazolipwa kweli ni ngapi? Usiweke 300. Toa siku za kungoja kati ya kazi na kazi, za barabarani, za vipimo vya afya, za kufundishwa usalama mlangoni kwa mgodi, za malaria. Ukipata 180, shukuru. 15,300 kugawa kwa 180 ni dola 85. Hapo ndipo chini kabisa. Haupaswi kuitaja, unataja 100 na unanyamaza. Weka namba zako pahali pa hizi zangu, ila namna ya kuhesabu ni hiyo.

Na saa 12! Dola 60 kwa saa 12 ni dola 5 kwa saa. Dola 60 hiyo hiyo kwa saa 9 ni 6.67. Kwa mfanyakazi, sheria inaweka masaa 45 kwa wiki. Wewe wa fakitire haikulindi, kwa hiyo masaa yaandikwe ndani ya bei.

Swali la "mteja anawapa ngapi" liache, linawafunga mdomo. Uliza: "Mnachukua asilimia ngapi, na juu ya nini?" Asilimia 20 juu ya bei yako ya 85 ni kumuuzia mteja 102. Asilimia 20 ya bei ya mteja ni kumuuzia 106.25. Neno ni moja, tofauti ni zaidi ya dola 4 kila siku, na ajansi inayosema "tunachukua 20 tu" haikuambii ni ipi.

Bei ikigoma kupanda, geuza mazungumzo kwenye vitu vingine: kulala na chakula ni juu ya nani, usafiri wa kwenda na kurudi (Kolwezi ni kilomita kama 300, siku nzima inapotea), na siku za kungoja. Hizo za kungoja ndizo zinaua. Kiwanda kinachelewa kusimama, mko kambini siku nne mnacheza karata, na mkataba unasema "siku ya kazi". Andikisha nusu ya bei kwa siku ya kungoja na kwa siku ya barabara. Siku ya vipimo na ya mafunzo ya usalama, bei nzima.

Juriste_Kasapa
Kwa upande wa karatasi, kaka, CV isiondoke kabla bei haijaandikwa. Ukishatuma CV bila bei, ajansi inampelekea mteja kwa bei yake, halafu inakugeuzia: "mteja amekwisha kukubali 60". Mbaya zaidi, ajansi mbili zikipeleka CV moja kwa mteja mmoja, mteja mara nyingi anaitupa, maana hataki ugomvi wa nani alikuleta. Ujumbe unaweza kuwa mfupi hivi, kwenye WhatsApp au email:

"Nakubali CV yangu ipelekwe kwa kazi hii moja tu, kwa dola 100 kwa fakitire, siku ya saa 10, kulala na usafiri juu yenu. Bei ikibadilika, niulizeni kwanza. Ruhusa hii ni ya siku 14."

Kwenye mkataba tafuta mstari unaosema utalipwa "baada ya mteja kulipa". Ufute, uandike "siku 30 baada ya fakitire, mteja amelipa au hajalipa". Hesabu mwenyewe: tuseme mteja analipa siku 45 baada ya kazi kuisha, siku 28 za kazi ukiongeza hizo 45 za kungoja ni siku 73 nyumba inakula deni. Fakitire itolewe kila siku 14 badala ya mwisho wa kazi.

Karatasi ya masaa isainiwe kila juma na shefu wa shantie (msimamizi wa pale kazini), kwa jina na tarehe, na uipige picha kabla haijaingia buro. Kubishana kwingi kunatoka hapo: shefu amehamishwa, karatasi haionekani, ajansi inalipa siku 24 kati ya 28.

Makuta (pesa): bei kwa dola. Wakilipa kwa faranka, iandikwe kiwango cha Banki Kuu cha siku ya malipo, kisiwe cha siku ya fakitire wala "kiwango cha buro". Na kama haumo kwenye TVA (kodi ya ongezeko la thamani), usikubali kuiandika kwenye fakitire yako. Ukishaiandika unadaiwa asilimia 16 hiyo.

Katazo la kufanya kazi moja kwa moja na mteja halikwepeki, watalitaka. Lipunguze: mteja huyo mmoja, kiwanda hicho kimoja, miezi 6. Wengine wanaandika "mteja yeyote wa ajansi", yaani nusu ya migodi ya Lualaba, mkoa wa Kolwezi.

fundi_kabo
Aksanti sana. Nimewaandikia. Wamesema ni ya fakitire, wamepanda mpaka 75, kulala na chakula juu yao, ila saa 12 hawaachi. Nikatae?

soudeur_likasi
Bado. 75 kwa saa 12 ni 6.25 kwa saa, hapana. Waambie 75 unaikubali kwa saa 10, na kila saa ya juu dola 8. Siku ya saa 12 inafika 91, umevuka ile 85 ya hesabu yangu, na wao wanaweza kumuonyesha bosi wao kwamba bei ya siku imebaki 75. Watu wa ajansi wanapenda hivyo.

Yaya_Paie
Na hizo saa za juu ziwe na safu yake kwenye karatasi ya masaa. Karatasi yenye safu ya "siku" peke yake haitalipa saa ya 11 hata ikisainiwa.