Kreshi za Lubumbashi: regleman tunasaini wote, inamkata asiyejulikana peke yake

Bamama na bapapa, nafungua uzi huu kwa hasira na sifichi. Septemba kila mzazi mwenye mtoto kreshi (nyumba ya kulelea watoto wadogo mchana) anasainishwa karatasi ya regleman, yaani kanuni za kreshi: tarehe ya kulipa, saa ya kufunga, mtoto mgonjwa abaki nyumbani. Ikifika Oktoba, karatasi ileile inamrudisha mlangoni mama anayeuza makala (mkaa) mtaani Katuba, huku anayeshuka kwenye gari la vioo vyeusi anaambiwa, "Hakuna shida, papa, utapitia kesho."

Msinijibu kwamba serikali itaingilia. Elimu ya bure iliyoanza 2019 ni ya shule za msingi za serikali. Kreshi na gardieni (chekechea) hazimo. Karatasi hiyo ndiyo kinga yote tuliyo nayo, na ndiyo inayochezewa.

Pesa kwanza. Ada inaandikwa kwa dola, wengi wanalipa faranga, na regleman haisemi kwa kiwango gani. Tuseme ada ni dola 40 kwa mwezi. Kambisti wa njiani, mbadilisha pesa, anabadilisha dola moja kwa faranga 2.300, ofisi inahesabu 2.500. Mlipaji wa faranga anatoa 100.000 badala ya 92.000. Elfu 8 kila mwezi, kwa kila mtoto! Anayejuana na direktrisi, mama mkuu wa kreshi, anahesabiwa kiwango cha njiani, na hakuna karatasi inayoonyesha tofauti hiyo. Kuziba mwanya huu ni kazi ya dakika moja: kila tarehe 1, kiwango cha Banki Kuu ya Kongo cha siku hiyo kibandikwe mlangoni kwa kalamu nzito, kitumike mwezi mzima kwa wote, kiandikwe pia kwenye risiti. Risiti iwe na dola, faranga, na kiwango katikati. Ikikosa kimoja, mzazi hana cha kushika siku ya ubishi.

Halafu noti. Noti ya dola 20 yenye mpasuko wa milimita 2 ukingoni inarudishwa kwa mama mmoja, aende kwa kambisti akakatwe. Ya mkubwa, yenye mpasuko uleule, inaingia kwenye droo bila hata kuinuliwa kwenye mwanga. Kama ofisi haipokei noti iliyochanika, isipokee ya mtu yeyote.

Kuhusu deni, wenye kreshi wanapenda kusema hawawezi kuwafukuza watu wazito. Wafanye hesabu mbele ya walezi wao basi. Watoto 30 kwa dola 40 ni dola 1.200. Sita wasipolipa, 240 hazipo, na zinazokatwa ni pesa za mlezi anayebadilisha nepi, si za mwenye nyumba. Kisha wale 24 wanajua nani halipi, kwa sababu watoto wanasema kila kitu, na mwezi unaofuata wadaiwa ni kumi. Anayepata mshahara katikati ya mwezi asiombe huruma kila mara: Septemba achague tarehe 5 au tarehe 20, iandikwe kwenye fomu yake, imfunge mwaka mzima. Siku 5 za kungoja, kwa kila mtu. Siku ya 6 mtoto hapokelewi, awe wa nani.

Sitaki huruma ifutwe. Kilio (msiba) kinatokea, mtu anaachishwa kazi, mama analazwa. Lakini msamaha nao una njia yake: sababu zinazokubalika zitajwe ndani ya regleman tangu mwanzo, mzazi aandike ombi, ofisi iliandikie ombi hilo namba badala ya jina, na watu watatu waamue, yaani direktrisi, mlezi mmoja, na mjumbe wa komite ya wazazi. Uamuzi uingie daftarini: tarehe, kanuni inayolegezwa, sababu, nani amekubali, unaisha lini. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Msamaha wa wiki mbili usioandikwa mwisho wake unafika Julai, na ukimgusa mwenye nao anasema umemvunjia makubaliano. Wa kuahidiwa kwa sauti ya WhatsApp usihesabiwe kabisa.

Saa ya kuchukua watoto. Fungueni daftari la jioni mtaona wenyewe. Mstari mmoja: "16h52", faini. Mstari wa chini yake, mwandiko uleule, biki ileile: "alichelewa kidogo". Kidogo ni dakika ngapi? Bila saa hakuna faini, na mlezi anajua nani wa kuandikiwa saa na nani wa kuandikiwa maneno. Saa moja ya ukutani ndiyo iangaliwe, si simu ya mtu. Kama kufunga ni 16h30, dakika 10 za kungoja, halafu faranga 1.000 kwa kila robo saa iliyoanza. Mzazi asaini pembeni ya saa, na pesa hiyo apewe mlezi aliyebaki, maana ndiye anayepanda basi gizani.

Mtoto mgonjwa ndiko upendeleo unakoweza kuua, na sitapunguza neno hilo. Homa ya 38 au zaidi: nyumbani, mpaka yapite masaa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha. Tetekuwanga: mpaka malengelenge yote yakauke. Surua: siku 4 tangu vipele vitokee. Virusi vya surua vinaweza kubaki hewani mpaka masaa mawili baada ya mgonjwa kutoka chumbani, na kwetu chanjo ya kwanza inatolewa mtoto akiwa na miezi 9. Kwa hiyo vichanga wa chumba cha nyuma walio chini ya umri huo bado hawajapata kinga ya chanjo. Direktrisi akimpokea mtoto wa mkubwa mwenye vipele kwa sababu "mama yake ana mkutano", ameamua juu ya vichanga hao bila kuuliza wazazi wao. Termometa ikae mlangoni na mtoto apimwe kabla mzazi hajageuka kuondoka. Kipimo kiandikwe, cha kila mtoto, hata anayecheka, la sivyo atapimwa anayedhaniwa mchafu tu.

Mwenye regleman ya kreshi yake aipige picha, afunike majina, aiweke hapa. Naomba tutafute vitu vitatu: kiwango cha kubadilisha pesa, saa ya faini, na nani ana haki ya kusamehe. Isiyo navyo, twende nayo kwa komite ya wazazi kabla ya kusaini ya Septemba inayokuja, tukiwa wengi, ili asionekane mtu mmoja mkorofi.