Naomba ushauri: jina la mtoto atakayezaliwa msimu wa mvua

Ndugu zangu, ninaishi Tabora mjini, na tunatarajia mtoto wa kike wiki ya mwisho ya Desemba. Mama mkwe, ambaye ni Mnyamwezi, ameomba aitwe Kabula kwa sababu atazaliwa wakati wa mvua. Na kweli, ninapoandika haya mvua inapiga bati kwa kishindo na maembe yanaanguka uani moja moja. Mume wangu anapendelea Noela kwa ajili ya Krismasi, ilhali wifi yangu ameshikilia jina la mhusika wa tamthilia ya Kituruki, ambalo nimeshalisikia likiitwa kliniki mara mbili kwa siku moja.

Mimi nilikuwa nimechagua Masika, kwa kuwa nimekulia Tanga, lakini mama mkwe alinieleza kwa upole kwamba masika ni mvua za Machi hadi Mei za kwetu pwani, na kwamba huku msimu ni mmoja tu, unaoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Nilikubaliana naye, kwani jina la msimu linapaswa kusema kweli kuhusu mahali mtoto alipozaliwa.

Je, akichelewa hadi Januari, Noela litamfaa bado? Nanyi mnaoitwa Kabula, Mabula, Sikukuu au Idi, mmeishije na majina hayo shuleni na kazini? Ninafikiria Kabula liandikwe kwenye cheti cha kuzaliwa na Noela liwe la ubatizo, ila naomba mnishauri namna ya kumweleza mume wangu asione nimempuuza.