Igizo la kesi: kura ya Sokrate au ukimya wa Kapenguria?

binti_mwambao: Habari zenu. Jumamosi usiku nataka kumpeleka baba akaone igizo la kesi ya kihistoria, na yapo mawili kwa saa ileile. La Sokrate, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ambako watazamaji hupiga kura, na la Kapenguria, kesi ya Kenyatta na wenzake kuhusu Mau Mau, lililofuata kumbukumbu za mahakama, watazamaji kimya. Baba alikuwa karani wa mahakama hadi alipostaafu. Nimpeleke lipi?

mwalimu_k: Sokrate, dada. Athens ya mwaka 399 KK haikuwa na jaji wala wakili. Raia wapatao 500 waliamua, na mshtakiwa alijitetea mwenyewe kwa muda uliopimwa kwa maji. Nilikoangalia mimi, chungu kiliwekwa ukingoni mwa jukwaa, kikawa kinadondosha huku mzee anasema. Kura ni mbili, ya hatia kisha ya adhabu. Katikati anaulizwa ajipendekezee adhabu, naye anajibu kwamba anastahili kulishwa kwa gharama ya mji kama washindi wa Olimpiki! Ukumbi uligeuka palepale. Jirani yangu aliyempigia kura ya kumwachia alichagua kifo.

chege_wa_mlimani: Kura inanoga, lakini hotuba za washtaki wa Sokrate hazikutufikia. Tunachojua tumekipata zaidi kwa wanafunzi wake, Plato na Xenophon. Kwa hiyo unahukumu ukiwa umesikia upande mmoja, na mwingine umejazwa na mtunzi.

Kwa karani wa mahakama mimi nasema Kapenguria bila kusita. Washtakiwa 6: Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Oneko na Karumba. Hakimu Thacker anaamua peke yake. Wakili Pritt, aliyetoka Uingereza, anampinga mkalimani, Louis Leakey, kwamba anaegemea upande mmoja, hadi Leakey anajitoa. Baba yako atajua uzito wa hapo, maana ushahidi wote unapita kwenye mdomo wa mkalimani.

Halafu yupo Rawson Macharia, shahidi wa upande wa mashtaka. Igizo nililoona halikuishia kwenye hukumu ya Aprili 8, 1953, miaka 7 na kazi ngumu. Taa zilipunguzwa, Macharia akabaki jukwaani, akaapa tena: mwaka 1958 alikiri kuwa alitoa ushahidi wa uongo, na kiapo hicho kikamfunga yeye. Huna kura ya kupiga. Umekaa tu, mikono mapajani, kama waliokuwa mle ndani.

mama_zuhura: Naungana na Chege. Mkienda, kaeni upande wa kizimba. Ukiwa nyuma ya hakimu unaona mgongo wake tu, na nyuso za wale sita ndizo zinazobeba mchezo.

binti_mwambao: Asanteni sana. Nimemsimulia baba yote mawili, ya chungu cha maji na ya Macharia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na mkalimani anaigizwa na nani?" Nimekata tiketi za Kapenguria, upande wa kizimba.