Mrejesho: chama chetu kimerudishiwa kodi ya michango

Wakuu, mwaka jana niliuliza kama chama chetu cha hisani hapa Uingereza kinaweza kudai kodi kwenye michango ya wanachama. Hela imeingia! Kwa kila pauni 1 iliyochangwa, HMRC (mamlaka ya kodi ya Uingereza) inaongeza peni 25, na tuliruhusiwa kurudi nyuma miaka 4.

Shughuli ilikuwa kukimbizana na watu wajaze tamko la Gift Aid, yaani huo mpango wa kurudishiwa kodi ya michango: jina, anwani, na kukiri kwamba wanalipa kodi ya kutosha. Mzee wetu mmoja kipato chake hakikatwi kodi, mchango wake tukauacha; angekuja kudaiwa yeye hiyo kodi, maskini. Tiketi za bahati nasibu nazo hazimo. Sadaka za kapuni zisizozidi pauni 30 kila moja zina mpango wake, bila tamko.

Aliyenisisitizia nitunze daftari, asante sana mkuu.