Uniti za LUKU zinakwisha haraka: je, ninunue friji mpya?

Mpangaji wa Tegeta

Ndugu zangu, naomba ushauri kabla sijatumia fedha nilizozikusanya kwa shida. Kaya yetu hapa Tegeta, Dar es Salaam, ina watu watano, na mpaka miezi miwili iliyopita tulikuwa tukitumia uniti tano za umeme kwa siku. Sasa tunatumia tisa, ingawa hatujaongeza kifaa chochote. Taa zote nane nilikwisha kuzibadilisha nikaweka za LED za wati 9, na pasi tunaiwasha mara moja tu kwa wiki. Kwa kuwa uniti moja pamoja na kodi ya serikali inanigharimu zaidi ya shilingi 350, ongezeko hilo linapita shilingi 40,000 kwa mwezi, nazo ndizo nauli za watoto za kwenda shule. Mke wangu anaamini kwamba friji yetu, yenye umri wa miaka kumi na miwili, imechoka.

Fundi wa umeme, Morogoro

Ndugu Mpangaji, friji isubiri kwanza. Hukutuambia maji yanaingiaje nyumbani. Kama mnatumia kisima chenye pampu inayojiwasha presha ikishuka, mimi ningeanza hapo, kwa sababu pampu ya nguvu farasi moja hula wati 750 au zaidi, na kwa kuwa uniti moja ni wati 1000 zikitumika saa nzima, ikizunguka saa tano kwa siku inakuwa imekwisha kumeza uniti karibu nne au zaidi.

Usiku, watu wakishalala, zima vyote isipokuwa pampu, kisha uangalie kitaa chekundu cha mita. Kwenye mita nyingi, zile zilizoandikwa 1000 karibu na kitaa hicho, kikimweka mara 1000 ni uniti moja. Kwa hiyo kikimweka kila baada ya sekunde 36, kuna kitu kinachokula wati 100. Ukizima na pampu, kitaa kinapaswa kutulia kabisa. Kisipotulia, mwite fundi mwenye leseni apime nyaya, na mita yenyewe pamoja na lakiri yake usiviguse.

Mama wa Tanga

Kaka, mwenzangu amesema kweli. Kwetu pampu ilikuwa ikinguruma usiku wa manane wala hakuna aliyefungua bomba, kumbe raba ya ndani ya tangi la choo ilikuwa imekakamaa na maji yalikuwa yakichuruzika bila sauti. Tia rangi kidogo ya chakula ndani ya tangi, mkae nusu saa bila kuvuta maji. Rangi ikionekana bakulini, raba imekwisha. Bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya friji.

Msomaji wa Mwanza

Hata hivyo, friji isisamehewe kabisa. Bana karatasi mlangoni uivute. Ikitoka bila ukinzani, raba ya mlango imelegea, na joto la Dar es Salaam linaingia humo mchana kutwa. Isogezeni mbali kidogo na ukuta ili mgongo wake upumue. Barafu myeyushe ikiwa bado nyembamba, wala msiikwangue kwa kisu, kwani tundu moja kwenye bomba la gesi litaiua friji nzima.

Mpangaji wa Tegeta

Nawashukuru nyote kwa dhati. Kitaa kilitulia dakika sita, kisha kikaanza kumweka kwa kasi pampu ilipojiwasha, ilhali koki zote zilikuwa zimefungwa. Rangi haikuonekana chooni. Asubuhi tulilifuata bomba linalopita ardhini, tukakuta udongo umelowa kando ya mpapai, mahali ambapo sote tulidhani ni maji ya kufulia. Kiungo kilikuwa kimeachia. Mwenye nyumba amekubali gharama ya fundi ikatwe kwenye kodi ya mwezi ujao, na kwa siku hizi tatu tumetumia uniti 5.2, 4.9 na 5.1. Karatasi ya friji nayo ilitoka kirahisi upande wa chini, kwa hiyo Jumamosi nitakwenda kutafuta raba ya kipimo chake.