Ukoo wa Shosho: zamu ya mtoto

*Ijumaa*

Anti Rehema 19:42
Habari za jioni familia. Likizo ya uzazi ya Mama Imani imeisha, miezi 3 ndiyo hiyo, Jumatatu anarudi kazini. Dada wa kazi alienda Mumias Krismasi na simu yake ni mteja hapatikani hadi leo. Tunapanga zamu ya kukaa na mtoto wiki 2. Jumatatu mimi. Jumanne Sofi. Siku zingine jazeni majina.

Anti Rehema 20:10
Naona mmesoma.

Sofi 20:31
Jumanne sawa, ila niondoke saa kumi. Nina darasa.

Anti Rehema 20:33
Mama Imani anatoka Donholm saa kumi na moja asubuhi. Na hiyo foleni ya Jogoo Road, kurudi ni saa mbili usiku. Saa kumi mtoto anaachiwa nani?

Deno 20:35
Ajishike. Mimi nilijilea 😂

Kevo 20:36
Kwa uji wa nani? 😂

Deno 20:36
Wa Anti, ule wa kuunguza sufuria 😂😂

Anti Rehema 20:38
Deno, Jumatano ni yako.

*Jumamosi*

Mama Imani 05:12
Asanteni. Maziwa nitakamua niache kwenye friji, kila chupa ina tarehe. Msiyachemshe, chovyeni chupa kwenye maji ya moto. Kazini nitakamulia chooni kama wakati wa Imani. Sheria ya Afya ya 2017 inataka chumba cha kunyonyeshea. Kwetu hakuna mpaka leo.

Anti Rehema 08:20
Pole mama. Na dada mpya tumlipe vizuri akae. Kima cha chini Nairobi kilipandishwa hadi 16,113 kwa mwezi Novemba 2024. Yule alikuwa anapata ngapi?

Mama Imani 13:47
Elfu 9. Natoa mimi peke yangu.

Sofi 13:50
Kumbe.

Mama Tasha 15:05
Wakati wa Tasha hakuna aliyejaza jina. Niliacha kazi, na Rehema ukaniambia nivumilie.

Anti Rehema 15:09
Mama Tasha, hayo tuliyamaliza siku ya mbuzi.

Mama Tasha 15:11
Mliyamaliza nyinyi. Mimi nilikuwa jikoni naosha sufuria. Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kupika na kulea ni mchango kwenye mali ya ndoa, bora uuthibitishe. Hapa kwetu hata asante sijasikia.

Deno 15:12
Lakini yule mbuzi alikuwa mtamu 😋

Kevo 15:13
Figo alikula nani?

Sofi 16:40
Niko kwa Shosho. Nimemsomea yote. Amesema niandike hivi, nisipunguze:

"Nimesikia Rehema, nimesikia Sofi, nimesikia Deno. Baba Imani yuko siku gani? Huyo mtoto si wake? Marehemu baba yenu akitoka reli alikuwa analala. Mimi natoka Gikomba na mzigo kichwani, nafika Muthurwa nawasha jiko. Nilinyamaza. Msidhani nilinyamaza kwa sababu ilikuwa sawa. Muandikeni."

*Jumapili*

Anti Rehema 14:02
Baba Imani?

Baba Imani 21:17
Mama, nimesikia. Jumatano asubuhi nina kikao sitakikwepa, nitachukua kuanzia saa saba. Alhamisi nitaomba ruhusa kesho. Pesa ya dada tutagawana.

Baba Imani 21:19
Hiyo chupa inachovywa muda gani?

Mama Imani 21:20
Mpaka yapate joto la mwili. Dondoshea ndani ya kifundo cha mkono kwanza.

Anti Rehema 21:31
Jumatano asubuhi basi Deno. Deno?

Mama Tasha 22:48
Jumatano asubuhi niwekeni mimi. Naenda kwa sababu ya Mama Imani. Yale yangu tutayaongea, Rehema, na safari hii nikiwa nimekaa.

Anti Rehema 22:50
Sawa dada yangu. Asante.

Anti Rehema 22:51
Ijumaa bado hakuna mtu. Na Jumanne baada ya saa kumi.