Mtoto ameandika "Did the cook make", amepigiwa kosa! Hii mitihani ya kununua itatumaliza

Wazazi wa Nairobi, leo nimewaka na sitaki mtu aniambie nipoe.

Kijana wangu yuko gredi ya tano, shule ya binafsi huku Eastlands. Ijumaa alirudi na karatasi ya Kiingereza. Swali la 17: "Did the cook ____ the chapatis before noon?" Machaguo ni "makes", "made", "make" na "making". Mtoto akazungushia "make". Mwalimu akampigia X nyekundu, pembeni akaandika "made" na kuipigia mistari, kalamu ikakaribia kutoboa karatasi.

Nikampigia simu. Nilianza na salamu vizuri tu. Akaniambia, "Mama, hilo swali ni la wakati uliopita. Mbona hamsomi na watoto nyumbani?" Nikamjibu: mwalimu, wakati uliopita umeshachukuliwa na hiyo "did". Kitenzi kinachofuata kinabaki kitupu: "make", "go", "eat", "bring". Akanyamaza kidogo, kisha: "Mwongozo wa kusahihisha unasema B."

Basi. Mwongozo ukishasema, nani tena wa kufikiri?

Seti zenyewe zinanunuliwa mjini zikiwa zimechapishwa, majibu yamo bahasha ile ile. Na sisi tunatozwa pesa ya mtihani kila muhula, juu ya karo! Sasa usiku nikaisoma karatasi nzima. Kuna "Does your sister has a pen?", na hapo hata si swali la mtego, ni sentensi ya mfano! "Does" imeshabeba ile "s", kwa hiyo ni "have". Kuna "Can he swims?", ilhali "can", "will", "should" na "must" zote hufuatwa na kitenzi kitupu. Halafu "Have you ate?" Hiyo nayo ni kesi nyingine, kwa sababu "have" haitaki kitenzi kitupu, inataka "eaten", "gone", "written".

Kinachoniuma zaidi ni mtoto. Sasa anaogopa kila kitenzi. Jana ameandika "Do you know where she go yesterday?" Hapo inatakiwa "went", maana hicho kitenzi hakiko chini ya "do", kilicho chini yake ni "know". Na "Who broke the cup?" haina "did" kabisa, kwa kuwa "who" ndiye aliyevunja. Mambo kama haya yanahitaji mwalimu anayeijua kazi, si wa kuuliza bahasha.

Mwaka ujao anafanya KPSEA, ule mtihani wa kitaifa wa gredi ya sita. Kuanzia gredi ya nne masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, kwa hiyo anayeshindwa kusoma swali la Kiingereza atashindwa kusoma la sayansi vilevile.

Najua kuna watakaosema Kiingereza si lugha ya mama zetu, tupunguze kelele. Sawa. Makanga akiniuliza "Did you paid?" nitamwambia nimelipa, gari liende. Mwalimu ninayemlipia karo, hapana.

Mwenye mtoto wa gredi ya tano aliyefanya karatasi ya mpishi na chapati, tafadhali angalia swali la 17, uweke picha hapa. Ziba jina la shule na la mtoto. Nataka kujua ni shule moja au ni seti nzima.

Jumatatu asubuhi niko kwa mwalimu mkuu na karatasi mkononi. Alama zisahihishwe kwa darasa lote, si kwa wangu peke yake. Na wale waliopewa tiki kwa "made" waambiwe pia, hata kama wazazi wao watanichukia.